Uchoraji wa kibotania katika Afrika ya Mashariki

Uchoraji wa kibotania (pia: uchoraji wa mimea wa kisayansi) ni kazi ya kuchora mimea kwa usahihi wa kutosha ili mtu ambaye hajawahi kuuona mmea fulani aweze kuutambua na kuutofautisha na mingine inayofanana nao. Kazi hii huunganisha sanaa na botania. Mchoro unaweza kupendeza, lakini kwanza kabisa lazima uwe sahihi: idadi ya petali, mpangilio wa majani, umbo la tunda na vipimo vya kila sehemu.

Katika Afrika ya Mashariki uchoraji wa aina hii ulianza kuenea katika karne ya 19 pamoja na safari za Wazungu kutoka pwani kwenda bara. Michoro mingi ilichorwa au kuchapwa Ulaya, nayo ilibaki huko katika maktaba na makumbusho. Tangu katikati ya karne ya 20 imezidi kutumiwa na kutolewa katika eneo lenyewe, hasa katika vitabu vya kutambua miti.

Umuhimu wa michoro unaonekana zaidi mahali ambapo mmea mmoja una majina mengi. Mfano mmojawapo ni nyanda za Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara, Tanzania, ambako watu wa lugha zisizo na undugu huishi jirani na kutumia mimea ileile.

## Sifa na mbinu

Mchoro wa kibotania hutofautiana na picha ya maua ya kupamba ukuta. Msanii wa mapambo anaweza kuongeza ua au kubadilisha rangi ili picha ipendeze. Mchoraji wa kibotania hana uhuru huo. Anafanya kazi pamoja na mwanabotania, naye mwanabotania hukagua kila sehemu kabla mchoro haujachapwa.

Kwa kawaida mchoro huonyesha:

* tawi lenye majani, maua na matunda kwa ukubwa halisi au kwa kipimo kilichoandikwa;
* ua lililopasuliwa ili kuonyesha stameni, pistili na ovari;
* mbegu na tunda, mara nyingi vikiwa vimekuzwa;
* vitu vidogo vinavyotofautisha spishi, kama vile nywele za jani, miiba au tezi;
* sehemu zilizo chini ya ardhi, kama vile mizizi, viazi na vitunguu vya mmea.

Mimea mingi huchorwa kutoka sampuli zilizokaushwa, kwa sababu mchoraji huwa mbali na mahali mmea unapoota. Sampuli hizo hutunzwa katika hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, kila karatasi ikiwa na lebo inayotaja mkusanyaji, mahali na tarehe. Ua lililokauka hulowekwa katika maji ya moto mpaka lilainike, kisha hufunguliwa polepole chini ya hadubini. Vipimo huchukuliwa kwa bikari. Mchoro huanza kwa penseli na kumalizwa kwa wino mweusi. Pale penye mmea hai na fedha za kutosha, hutumika rangi za maji.

Wanafunzi wa biolojia wa shule za sekondari hufuata kanuni zilizotokana na kazi hii: mstari mmoja usiokatika, kutotia vivuli kwa penseli, kuandika majina ya sehemu na kuweka kichwa cha mchoro.

### Mchoro na picha ya kamera

Kamera haikuufuta uchoraji wa kibotania. Picha ya kamera huonyesha mmea mmoja katika siku moja, pamoja na jani lililoliwa na wadudu na kivuli cha mti wa jirani. Mchoro unaweza kukusanya mambo kutoka sampuli kadhaa: ua la mwezi wa Februari, tunda la mwezi wa Juni na kiazi kilichochimbwa wakati wa kiangazi. Mambo hayo matatu hayaonekani pamoja katika mmea mmoja kwa siku moja, lakini mtu anayetaka kuutambua mmea anaweza kukutana nao katika hali yoyote kati ya hizo.

## Chimbuko

Michoro ya mimea ya zamani zaidi inayojulikana vizuri ilihusu dawa. Tabibu Mgiriki Dioscorides aliandika katika karne ya 1 BK kitabu kuhusu mimea ya tiba. Nakala yake mashuhuri yenye picha ilitengenezwa Konstantinopoli mnamo mwaka 512, nayo imehifadhiwa Vienna, Austria. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya 9 na kutumiwa na matabibu wa nchi za Kiislamu kwa karne nyingi.

Kwa kuwa nakala zilichorwa kwa mkono kutoka nakala nyingine, makosa yaliongezeka. Baada ya vizazi kadhaa majani yalikuwa yamebadilika umbo, na mtafuta dawa hakuweza tena kuitegemea picha. Badiliko kubwa lilikuja Ujerumani katika karne ya 16, pale wachoraji waliporudi kuutazama mmea wenyewe na picha zikachapwa kwa mbao zilizochongwa. Mwaka 1530 Otto Brunfels alitoa kitabu chenye picha za Hans Weiditz, na mwaka 1542 Leonhart Fuchs akatoa chake. Fuchs aliweka ndani ya kitabu hata sura za mafundi wake watatu, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwani mara nyingi mchoraji hakutajwa.

Katika karne ya 18 Carolus Linnaeus wa Uswidi aliweka utaratibu wa majina ya kisayansi yenye maneno mawili na kuzipa uzito mkubwa sehemu za uzazi za ua. Tangu hapo wachoraji walianza kupasua maua na kuonyesha sehemu za ndani. Mwaka 1787 William Curtis alianzisha London jarida la *The Botanical Magazine*, linaloendelea kutolewa hadi leo na ambalo limechapa picha za mimea kadhaa ya Afrika ya Mashariki.

## Historia katika Afrika ya Mashariki

### Wasafiri wa karne ya 19

Mmoja kati ya wa kwanza kuchora mimea ya bara alikuwa James Augustus Grant, mwanajeshi kutoka Uskoti aliyesafiri pamoja na John Hanning Speke kutoka Zanzibar hadi chanzo cha Nile kati ya miaka 1860 na 1863. Grant alikusanya mimea njiani na kuchora kwa rangi za maji. Alipokaa Karagwe kwa miezi mingi kwa sababu ya ugonjwa wa mguu, aliendelea kuandika na kuchora. Michoro yake ya safari imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti.

Mimea aliyokusanya ilipelekwa katika Bustani za Kew, London. Maelezo yake yalichapwa kati ya miaka 1872 na 1875 pamoja na kurasa zaidi ya 130 za picha. Kwa njia hiyo mimea mingi ya Unyamwezi, Karagwe na Uganda ilijulikana kwa mara ya kwanza kwa wataalamu wa Ulaya.

Msafara huo ulitegemea wapagazi na viongozi Waafrika, akiwemo Sidi Mubarak Bombay. Watu wa namna hii ndio waliobeba mizigo, waliojua njia na waliotaja majina na matumizi ya mimea. Katika kurasa za picha, hata hivyo, yanaonekana majina ya mwanabotania na mchoraji tu.

### Zanzibar na Usambara

Maua mawili ya Afrika ya Mashariki yanayofugwa vyunguni duniani kote yalianza safari yao katika kipindi hiki.

La kwanza lilipelekwa Kew kutoka Zanzibar na John Kirk, daktari na mwanabotania aliyekuwa balozi wa Uingereza. Mwaka 1882 Joseph Dalton Hooker alilichapa katika *The Botanical Magazine* kwa jina la *Impatiens sultanii*, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wakati huo mchoraji mkuu wa jarida alikuwa Matilda Smith (1854-1926), aliyelichorea kuanzia mwaka 1878 na kutoa picha zaidi ya 2,300 maishani mwake. Baadaye ilionekana kuwa mmea huo ni spishi ileile iliyokwisha kuitwa *Impatiens walleriana*, nalo jina la Sultani likaondolewa.

La pili ni ua la zambarau la milima ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliliita *Saintpaulia ionantha*. Miaka miwili baadaye picha yake ya rangi ilitoka katika *The Botanical Magazine*. Siku hizi wataalamu huliweka katika jenasi *Streptocarpus*. Wakati mamilioni ya maua haya yanauzwa madukani Ulaya na Marekani, spishi kadhaa za porini zimo hatarini kwa sababu misitu yake ya asili imepungua.

Katika mifano yote miwili jina la kisayansi limebadilika, lakini picha ya kwanza bado inaonyesha mmea uliokusudiwa.

### Kipindi cha Kijerumani na moto wa Berlin

Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani, katika Usambara Mashariki. Sampuli nyingi kutoka Afrika ya Mashariki ya Kijerumani zilipelekwa Berlin, ambako Adolf Engler alikuwa akiongoza bustani na makumbusho ya mimea. Mwaka 1895 Engler alikuwa amekwisha kutoa kazi kubwa juu ya mimea ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1902 alitembelea eneo hilo mwenyewe. Mchoraji wake wa miaka mingi alikuwa Joseph Pohl (1864-1939), aliyechora picha zaidi ya 30,000, nyingi zikiwa za ua lililopasuliwa na kuonyeshwa sehemu kwa sehemu.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu na kuungua. Sehemu kubwa ya sampuli iliteketea. Miongoni mwake zilikuwemo sampuli za msingi za mimea mingi ya Tanganyika, yaani zile zilizotumiwa wakati mmea ulipopewa jina kwa mara ya kwanza.

Hasara hiyo iliipa michoro kazi mpya. Vitabu vilivyochapwa vilikuwa vimesambaa katika maktaba nyingi, hivyo picha zilisalia hata pale sampuli zilipopotea. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinaruhusu mchoro uliokuwa sehemu ya maelezo ya kwanza uchaguliwe kuwa msingi wa jina la zamani ikiwa sampuli haipo tena. Kwa baadhi ya mimea, ushahidi uliobaki ni nakala za sampuli zilizokuwa zimetumwa kwingineko pamoja na mistari ya wino ya mchoraji.

### Joy Adamson

Mchoraji wa mimea anayejulikana zaidi katika Afrika ya Mashariki ni Joy Adamson (1910-1980), ingawa wengi wanamfahamu kwa kitabu chake juu ya simba Elsa. Alizaliwa Troppau (leo Opava, Ucheki) kwa jina la Friederike Victoria Gessner, akafika Kenya mwaka 1937. Mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, mwanabotania Mswisi aliyefanya kazi katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi. Ni Bally aliyemwita Joy, naye akaanza kuchora mimea waliyoikusanya pamoja safarini.

Michoro yake ilitumika katika vitabu vya bustani na vya mimea ya Kenya. Mwaka 1947 alipewa nishani ya dhahabu ya Grenfell na Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza. Baadaye serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwagiza achore watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Sehemu kubwa ya kazi zake imo katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tofauti na michoro ya Grant, hii inaweza kuonwa Nairobi, karibu na mahali mimea yenyewe inapoota.

### Flora ya Afrika ya Mashariki ya Kitropiki

Hebaria ya Amani ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950 na kuwa Hebaria ya Afrika ya Mashariki. Katika miaka hiyohiyo wataalamu wa Kew, pamoja na wenzao wa Afrika ya Mashariki, walianza kazi ya kueleza mimea yote inayoota porini Uganda, Kenya na Tanzania. Sehemu za kwanza za kazi hiyo, inayoitwa *Flora of Tropical East Africa*, zilichapwa mwaka 1952. Ya mwisho ilitoka mwaka 2012. Kwa jumla zimeelezwa spishi 12,104.

Kwa kawaida kila jenasi ina angalau ukurasa mmoja wa michoro ya wino, yenye tawi zima na sehemu za ua zilizoandikiwa namba. Miongoni mwa wachoraji wake ni Pat Halliday, Juliet Williamson na Diane Bridson, ambaye alikuwa pia mwanabotania wa jamii ya mibuni. Wengi wao walichora kutoka sampuli kavu.

Kazi hiyo iliandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Mtu asiye mwanabotania hupata shida kusoma maelezo yake, lakini akiutazama mchoro anaweza kuutambua mmea wa kwao.

### Vitabu vya miti kwa wananchi

Majina ya Kiswahili ya mimea yalikusanywa mapema. Mwaka 1937 P. J. Greenway, mwanabotania wa Amani, alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, kwa lugha ya kibotania na kwa Kiingereza. Padre Charles Sacleux alikuwa ameingiza majina mengi ya mimea ya pwani katika kamusi yake ya Kiswahili-Kifaransa ya mwaka 1939. Nchini Kenya John Ongayo Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa mwaka 1976 kitabu juu ya mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki.

Katika miaka ya 1990 kulitolewa mfululizo wa vitabu vya miti na vichaka vyenye manufaa, kimoja kwa kila nchi. Kitabu cha Tanzania kilitoka mwaka 1994, kikiandikwa na L. P. Mbuya, H. P. Msanga, C. K. Ruffo, Ann Birnie na Bo Tengnäs. Cha Uganda kilitoka mwaka 1995, nacho kiliandikwa na A. B. Katende pamoja na Birnie na Tengnäs. Kila mti una mchoro, maelezo mafupi ya mahali unapoota, jinsi ya kuuotesha na matumizi yake, pamoja na orodha ya majina katika lugha za wenyeji. Walengwa walikuwa mabwana na mabibi shamba, walimu na wakulima. Katika vitabu hivi mchoro wa kibotania ulitengenezwa hasa kwa ajili ya watu wanaoishi na mti wenyewe.

## Mbulu na Hanang

Wilaya za Mbulu na Hanang ziko upande wa magharibi wa Mkoa wa Manyara. Gehandu ni jina la kata linalopatikana katika wilaya zote mbili. Upande wa kaskazini kuna nyanda za juu za Mbulu na msitu wa Nou, na upande wa kusini kuna Mlima Hanang, volkeno iliyozimika yenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Mlima huo una heshima kubwa kwa Wabarabaig. Kwa kuwa unasimama peke yake juu ya uwanda mkavu, mimea yake hubadilika haraka kadiri mtu anavyopanda, kutoka vichaka vya chini hadi msitu wa mlimani na vichaka vya kileleni. Greenway aliuandikia makala ya kiekolojia iliyochapwa mwaka 1955.

### Lugha nne, mmea mmoja

Eneo hili linajulikana kwa wanaisimu kwa sababu familia kubwa za lugha za Afrika hukutana hapa. Wairaqw huzungumza lugha ya Kikushi, Wadatoga (wakiwemo Wabarabaig) lugha ya Kiniloti, Wanyiramba na Wanyaturu wa jirani lugha za Kibantu, nao Wahadza wa bonde la Yaeda na ziwa Eyasi lugha yao yenye sauti za kidoko. Kwa hiyo mti mmoja unaweza kuwa na majina manne yasiyofanana hata kidogo, mbali na la Kiswahili.

Kuandika majina hayo ni kazi ngumu. Kiiraqw kina sauti ambazo Kiswahili hakina, zinazoandikwa kwa herufi kama *q*, *x*, *hh*, *sl* na *tl*. Mkusanyaji asiyejua lugha huandika anavyosikia, na mwingine huandika vingine. Baada ya miaka michache jina moja huonekana katika orodha kama majina matatu, au majina mawili huonekana kama moja. Orodha isiyo na picha haiwezi kusahihishwa na mwenye lugha, kwa sababu hajui mwandishi alikuwa akionyeshwa mmea gani. Palipo na mchoro, mzee anaweza kuutazama na kusema jina lake halisi.

Kitabu cha miti cha mwaka 1994 kilichotajwa juu huweka majina ya Kiiraqw na Kibarabaig pamoja na ya lugha nyingine za Tanzania kando ya mchoro mmoja.

### Mgunga wa Mbulu

Mmea mmoja unabeba jina la Mbulu katika sayansi. Ni mgunga uliopewa jina la *Acacia mbuluensis* na J. P. M. Brenan wa Kew katika miaka ya 1950. Asili yake ni Tanzania.

Migunga ni mfano mzuri wa haja ya michoro. Watu wengi hutumia neno hilo moja kwa miti mingi yenye miiba na majani madogo. Ili kuitofautisha ni lazima kutazama kama miiba imenyooka au imepinda, kama imekaa miwili miwili, kama maua yamekusanyika katika vitufe au katika masuke, na umbo la ganda la mbegu. Tofauti hizo ni ndogo, lakini huonekana wazi katika mchoro mmoja wenye namba.

Tangu mwaka 2005 mkutano mkuu wa wanabotania uliamua kwamba jina *Acacia* libaki na miti ya Australia, na uamuzi huo ulithibitishwa mwaka 2011. Migunga ya Afrika imegawanywa hasa katika jenasi *Vachellia* na *Senegalia*. Mti wa Mbulu sasa unaitwa *Vachellia mbuluensis*. Mwenye kitabu cha zamani chenye jina tu anaweza kuchanganyikiwa. Mwenye mchoro hahitaji kujua uamuzi wa mkutano huo ili kuutambua mti.

### Chakula kilicho chini ya ardhi

Wahadza huchimba viazi vya porini, na kimoja kati ya vile muhimu ni cha mmea wa jamii ya kunde uitwao kisayansi *Vigna frutescens*. Juu ya ardhi huonekana mtambaa mwembamba ambao mgeni angeupita bila kuujali. Picha ya kamera ya majani haielezi kwa nini mmea huo una thamani. Mchoro unaoonyesha jani, ua, ganda na kiazi katika ukurasa mmoja unakaribia zaidi yale anayoyajua mama wa Kihadza mwenye mti wake wa kuchimbia.

## Maana ya kiutamaduni

Kabla ya uchoraji wa kibotania, watu wa pwani walikuwa na desturi yao ya kuonyesha mimea katika sanaa. Milango ya Zanzibar na Lamu imechongwa maua ya yungiyungi, mitende na mizabibu. Mara nyingi yungiyungi hufasiriwa kuwa alama ya uzazi, na mtende alama ya neema. Misahafu iliyonakiliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ina mapambo ya rangi yenye maumbo ya mimea. Kanga zina umbo la korosho, lililotokana na nakshi za Kihindi na kupewa jina la tunda linalojulikana pwani. Sanaa hizi hazikusudii kumsaidia mtu kutambua spishi, bali humkumbusha mtazamaji maana ambayo tayari anaijua.

Mimea imechorwa pia katika alama za mataifa. Nembo ya Tanzania, maarufu kama Bibi na Bwana, ina karafuu na pamba miguuni pa watu wawili. Nembo ya Uganda ina kahawa na pamba. Nembo ya Kenya ina kahawa, pareto, mkonge, chai, mahindi na mananasi. Bendera ya Usultani wa Zanzibar wa Desemba 1963 hadi Januari 1964 ilikuwa na karafuu mbili. Karibu mimea yote hiyo ni ya biashara, na mingi ililetwa kutoka mabara mengine. Mimea ya asili ya misituni haimo katika nembo hizo.

Jambo lingine linalojadiliwa ni nani anayetajwa. Nchini India, mwanabotania Robert Wight aliandika jina la mchoraji wake Mhindi Rungiah katika picha zake za karne ya 19. Katika Afrika ya Mashariki ya wakati huohuo mchoraji karibu kila mara alikuwa Mzungu, na Mwafrika aliyeutafuta mmea, akaukausha na kueleza matumizi yake hakutajwa. Vitabu vya miaka ya 1990, vilivyoandikwa na wataalamu Waafrika pamoja na wageni, vimebadilisha hali hiyo kwa kiasi.

Pia kuna suala la siri. Waganga wengi hurithishana ujuzi wa dawa ndani ya ukoo. Mchoro wenye jina na matumizi huufanya ujuzi huo kuwa wa kila mtu, pamoja na wafanyabiashara. Kwa upande mwingine, mganga akifariki bila mrithi, mmea usiochorwa wala kuandikwa hupotea pamoja naye. Nchini Tanzania utafiti wa dawa za mimea hufanywa na Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, na kazi ya waganga inasimamiwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002.

## Umuhimu wa leo

Kukosea kutambua mmea kunaweza kuua. Mnanaha (*Datura stramonium*) huota kama gugu mashambani, na mbegu zake zenye sumu huweza kuchanganyika na nafaka. Mwezi wa Machi 2019 huko Karamoja, Uganda, watu walifariki na mamia waliugua baada ya kula chakula cha msaada kilichokuwa na sumu inayotokana na mimea ya namna hiyo. Mchoro wa mnanaha unaoonyesha ganda lake lenye miiba na mbegu zake ndogo humsaidia mkulima kuung'oa kabla ya mavuno.

Hali ni hiyohiyo kwa gugu karoti (*Parthenium hysterophorus*), mmea kutoka Amerika ulioenea katika sehemu za Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania. Hudhuru mifugo, mazao na ngozi ya binadamu. Likiwa changa hufanana na mimea mingine yenye majani yaliyochanika, hivyo picha sahihi ni ya lazima katika mafunzo ya wakulima.

Tangu miaka ya 2000 hebaria nyingi za Afrika na Ulaya zimepiga picha sampuli zao na kuziweka kwenye intaneti, na majarida mengi ya zamani yenye michoro yanasomwa bila malipo. Mwanafunzi wa Gehandu mwenye simu anaweza kuona picha iliyochapwa London mwaka 1882. Hata hivyo maelezo yanayoambatana na picha hizo kwa kawaida ni ya Kiingereza, Kijerumani au Kilatini, na majina ya Kiiraqw, Kidatoga au Kihadza hayamo. Kazi ya kuyaweka majina hayo chini ya michoro inayohusika inahitaji watu wanaozijua lugha hizo na mimea yenyewe.

## Tazama pia

* Botania
* Hebaria
* Joy Adamson
* Mlima Hanang
* Wairaqw
* Wahadza
* Amani (Muheza)